Bakari, kabla hujahamisha satoshi hata moja

Bakari swahiba,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Barua yako nimeipata. Umeuliza ununue pochi gani ya kifaa ili uzitoe bitcoin zako, hadi satoshi ya mwisho (kipande kidogo kabisa cha bitcoin), kwenye soko la mtandaoni, na umeandika kwamba ukikipata zitakaa "ndani ya kifaa". Nakuomba hilo tulinyooshe kwanza, maana ndilo linalowaponza watu.

Bitcoin haziingii kwenye kifaa. Zinabaki kwenye daftari la mtandao, ambalo yeyote anaweza kulisoma. Kifaa kinatunza funguo za siri za kutia saini miamala, na funguo zote hizo zinazaliwa na maneno kadhaa, kwa kawaida 12 au 24, ambayo kifaa kinakuonyesha siku ya kwanza. Kifaa kikidumbukia baharini na maneno unayo, unanunua kingine na kila kitu kinarudi. Maneno yakipotea na kifaa kikafa, basi. Laini yako ya simu ikipotea unakwenda na kitambulisho, wanakurudishia namba, na salio lako la M-Pesa liko pale pale. Huku hakuna dirisha la kwenda kupanga foleni. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha maneno uliyoandika yanairudisha pochi, na uhakikishe wakati pochi bado haina kitu cha kukuumiza. Chapa ya kifaa inakuja baadaye.

Ila umeuliza chapa, nami nakujibu: nunua Trezor Safe 3, toleo la bitcoin pekee. Inatoka kwa kampuni ya Prague, Jamhuri ya Cheki, wale wale waliouza Trezor ya kwanza mwaka 2014. Ina vitufe viwili, kioo kidogo, tundu la USB-C, na chipu ya usalama ambayo Trezor za mwanzo hazikuwa nayo. Chipu hiyo si pambo. Januari 2020 maabara ya usalama ya Kraken, soko la sarafu za mtandaoni, ilionyesha kwamba mtu akiishika Trezor ya zamani kwa kama dakika 15 anaweza kuchota siri iliyomo kwa kuuchezea umeme wa chipu. Ukiletewa Trezor One, ile ya kwanza, kwa bei ya kutupa, iache. Toleo la bitcoin pekee nalipenda kwa sababu programu yake ni fupi: kilichopungua humo ndani hakiwezi kuwa na kasoro.

BitBox02 ya Uswisi nayo ni nzuri, ila jua kwamba nakala yake inaandikwa kwenye memori kadi bila kufungwa kwa neno la siri. Atakayeiokota kadi ameokota pesa. Coldcard ya Kanada ni ngome kweli, lakini inamtaka mtu aliyekwisha kuzoea. Ukikosea namba ya siri mara 13 kifaa kinakufa na hakifufuki. Ledger ya Ufaransa inafanya kazi vizuri, lakini naiweka nyuma kwa kuwa sehemu kubwa ya programu inayoendesha chipu yake haiko wazi kwa mtu wa nje kuikagua. Tena mwaka 2020 orodha ya wateja wao ilivuja: barua pepe kama milioni moja, na majina, anwani na namba za simu za watu zaidi ya 270,000. Mwaka uliofuata baadhi ya wateja hao wakaletewa kwa posta vifaa bandia, na barua ikiwaambia waingize maneno yao humo. Kwa hiyo chochote utakachoagiza, tumia barua pepe uliyoifungua kwa kazi hiyo tu, na mzigo uje kwenye sanduku la posta. Usielekeze nyumbani.

Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa muuzaji aliyetajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Usinunue kwenye maduka ya simu Kariakoo, wala kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, wala kilichotumika, hata kama muuzaji ni mtu mwema. Mwaka 2023 wataalamu wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walichunguza Trezor Model T bandia iliyokwisha kumwibia mtu. Boksi lilikuwa sawa, stika za kuakisi mwanga zilikuwepo, menyu zote zilifanya kazi. Walipoifungua wakakuta ndani imejaa gundi na mkanda wa kunata, wakati kiwandani nusu mbili za kasha zinaunganishwa bila gundi. Chipu ilikuwa imebadilishwa, na programu ya kuwashia ilijitaja kuwa toleo 2.0.4, toleo ambalo kampuni haikuwahi kulitoa. Maneno ambayo kifaa kilidai kimeyabuni yalitoka kwenye orodha ya seti 20 zilizopangwa na mwizi. Mwenye kifaa hakukosea hatua hata moja. Alichokosea ni alikonunua.

Safe 3 halali inafika bila programu ndani yake. Unaiunganisha na Trezor Suite, programu yao ya kompyuta, uliyoipakua kutoka tovuti ya Trezor kwa kuandika anwani mwenyewe, kisha Suite inaweka programu na kuikagua chipu kama ni ya kiwandani. Kikija kikiwa kimekwisha kuandaliwa na mtu, au kikaja na karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, kirudishe. Na kompyuta isipokiona, usikimbilie kulaumu kifaa: mara nyingi tatizo ni waya. Waya nyingi za madukani zinapitisha umeme wa kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Tumia ule uliokuja nacho.

Sasa maneno. Suite itataka kukupa maneno 20, ya mfumo unaoitwa SLIP39. Si mbaya, lakini vifaa vingi vya kampuni nyingine havisomi mfumo huo, na wewe unataka siku Trezor ikikosekana uweze kutumia kifaa chochote. Kwa hiyo chagua maneno 12 ya mfumo wa BIP39, ambao vifaa vingi vinausoma. Kumi na mawili yanatosha. Hakuna kompyuta itakayoyabahatisha. Yaandike kwa penseli au kalamu ya wino usiotoka, herufi kubwa zilizoachana, kila neno na namba yake. Usiyapige picha, kwa kuwa simu inaweza kuipandisha picha mtandaoni yenyewe kabla hujaifuta. Usiyatoe fotokopi, wala usipeleke karatasi steshenari ikalaminetiwe.

Na hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu. Orodha rasmi ya BIP39 ina maneno 2048, na Kiswahili hakimo kati ya lugha zake. Utapewa ya Kiingereza. Usiyatafsiri kwa kudhani unayaficha. Ukiandika "anza", baadaye hutajua kama lilikuwa begin au start, maana yote mawili yamo. "Ndogo" inaweza kuwa small, little au tiny, yote yamo. Andika tahajia ile ile ya kwenye kioo. Orodha imepangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno, lakini maneno mafupi yanateleza: car, card na cart yote yamo, vilevile quit na quiz. Herufi moja iliyofifia inatosha kukupoteza.

Neno la mwisho lina alama ya kuhakiki, lakini kwa maneno 12 alama hiyo ni nyembamba: ukikosea neno moja, kuna nafasi moja kati ya 16 kwamba kifaa kitayapokea tu na kukufungulia pochi nyingine, tupu. Ndiyo maana kifaa kusema "sawa" hakutoshi. Fanya hivi.

Weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Fungua sehemu ya kupokea, onyesha anwani ya kwanza, uinakili kwenye karatasi nyingine. Itaanza na bc1q na itakuwa na herufi 42. Tuma hapo kiasi kidogo, tuseme satoshi 20,000, usubiri zithibitishwe. Kisha nenda kwenye mipangilio, ufute kifaa chote. Ndiyo, kikiwa na hela. Kitarudi kama siku kilipotoka kiwandani. Sasa chagua kurejesha pochi, uingize maneno kutoka kwenye karatasi yako, ukibonyeza vitufe vya kifaa chenyewe. Fungua tena anwani ya kwanza. Lazima iwe ile ile, herufi kwa herufi, na zile satoshi 20,000 zionekane. Ikija nyingine, karatasi yako ina kosa, na kosa hilo limekugharimu hela ya mboga badala ya akiba ya miaka. Ukifanikiwa, zirudishe satoshi kadhaa kule zilikotoka, ili ujue na kutuma kunakwendaje.

Chini ya karatasi andika pia: "BIP39, maneno 12, anwani za bc1q, njia m/84'/0'/0'". Hiyo njia ni ramani ambayo pochi inaifuata kuzipata anwani zako kutoka kwenye maneno. Atakayerejesha kwa kifaa kingine baada ya miaka kumi atakushukuru, kwa sababu maneno sahihi kwenye njia isiyo sahihi yanaonyesha salio sifuri na kumtisha bure.

Karatasi peke yake haifai huko Tanga. Unyevu upo, mchwa wapo, na moto hauna mwenyewe. Kwa fundi wa vyuma tafuta washa pana 12 (vile vibati vya duara vyenye tundu katikati) za chuma kisichoshika kutu, boliti ya M8 yenye nati yake, na seti ya herufi za chuma za kugongea, za milimita 3 au 4. Ulizia daraja la 316, maana la 304 linaumwa zaidi na chumvi ya bahari. Usikubali aluminiamu: inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa nyumba unaweza kufika hapo, wakati chuma hiki kinahitaji kama 1,400. Kila washa ibebe namba ya mpangilio na herufi nne za mwanzo za neno. Neno la herufi tatu limalizie kwa kistari, ili car isije ikasomwa card. Gonga juu ya kipande cha chuma kizito, pigo moja lililoshiba. Ukigonga mara mbili herufi inakuwa na kivuli na R inafanana na B. Anza na washa ya mazoezi. Kazi hii ni ya kwako. Fundi akuuzie vyuma tu. Zipange kwenye boliti, kaza nati, na zikae nyumba tofauti na ile yenye karatasi. Usigawanye maneno sita huku sita kule: ukipoteza nusu umepoteza yote.

Ukija kuhamisha salio, kule sokoni chagua mtandao wa Bitcoin wenyewe. BEP20 ni njia ya mtandao mwingine. Ankara za Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin, zinazoanza na lnbc nazo si za kifaa hiki. Anwani ya kupokelea isome kwenye kioo cha kifaa, wala usiiamini ya kwenye kompyuta, kwa sababu zipo programu hasidi zinazobadilisha anwani uliyoinakili na kuweka ya mwizi, nyingine zikifananisha hata mwanzo na mwisho. Soma yote, herufi nne nne. Baada ya bc1 hutakuta 1, b, i wala o. Ukiziona, kuna mahali umesoma vibaya.

Usihamishe kidogo kidogo kila wiki. Kila pokezi linakuwa kipande chake, na siku ya kutumia kila kipande kinaongeza kama baiti 68 za kukokotolea ada kwenye muamala. Muamala wa kawaida ni kama baiti 141. Kwa ada ya satoshi 20 kwa baiti, ni satoshi 2,820. Ukiwa na vipande 30 ni zaidi ya satoshi 40,000 kwa muamala huo mmoja. Acha zikusanyike sokoni miezi miwili mitatu, kisha toa kwa mkupuo.

Namba ya siri ikikosewa mara nyingi mno, Trezor inajifuta. Hilo lisikutishe, maneno yanairudisha. Kinachonitisha mimi ni lile neno la siri la ziada, ambalo mtu anajitungia juu ya yale 12 au 24 na ambalo watu wanaliita neno la 13 au la 25. Ukikosea herufi kubwa au nafasi moja, kifaa hakilalamiki. Kinafungua pochi nyingine tupu, ukadhani umeibiwa. Kwa mwaka wa kwanza liache kabisa.

Mwisho, programu bandia. Novemba 2023 Ledger Live ya uongo ilikaa hadi kwenye Microsoft Store, na walioipakua wakaibiwa. Zote zinaomba kitu kimoja: uandike maneno yako kwa kibodi ya kompyuta au ya simu. Maneno yanaingizwa kwenye vitufe vya kifaa tu. Akikupigia mtu anayejiita huduma kwa wateja, kata simu. Shemeji naye mwambie zile washa ni nini na ziko wapi, akiwa ametulia, si siku ya msiba.

Niandikie ukishaiona anwani ile ile mara ya pili. Maneno usiniandikie, hata moja.

Wako,
Mussa