Majina ya wapagazi wa Nyanza yaandikwe wazee wangali hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni mwanafunzi wa historia hapa Kisumu. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho unahusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, hasa vijana wa Nyanza waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza. Nikivitaja vita hivyo, wengi huniuliza vinatuhusu nini sisi.

Vinatuhusu sana. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakapigana na Waingereza Kisii. Juni 1915 meli zilipakia wanajeshi katika bandari yetu hii, zikavuka ziwa kwenda kuishambulia Bukoba. Vita viliposogea ndani ya Tanganyika, barabara hazikuwepo, na farasi na nyumbu walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Ikabidi risasi, unga na mahema vibebwe kichwani na binadamu.

Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya ilikabidhiwa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza kwa miaka mingi na aliyejua vyema wapi pa kuwapata vijana. Kutoka Kenya walichukuliwa zaidi ya watu 160,000, na hakuna mkoa uliotoa wengi kuliko Nyanza, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Waluhya na Wakisii. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni mbichi baada ya kutembea kutwa nzima, na matumbo yakashindwa.

Nairobi kuna sanamu za ukumbusho zilizozinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake, na ya Kiswahili yamo, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa.

Nilikwenda Seme kuzungumza na mzee mmoja aliyepewa jina la baba yake mkubwa, kijana aliyechukuliwa kabla hajaoa na asionekane tena. Alinipeleka nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, akanionyesha kaburi la kijana huyo. Ndani hamna mifupa. Waliporudi wenzake na kusema amekufa, familia ilichuma tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea, ikalifunika nguo, ikalililia na kulizika kama mtu, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka pale mwili usipopatikana. Mzee aliniuliza, "Mjukuu wangu, hivyo vitabu vyako vinasema alifia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Katika vitabu hivyo afisa Mwingereza ana jina, cheo na tarehe ya kufa. Mpagazi yumo katika jumla.

Hata mshahara wa maelfu ya waliokufa haukuwafikia jamaa zao, eti hawakujulikana walipo. Familia hii ilikuwepo hapo hapo Seme miaka yote hiyo.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Januari 2025 ilizindua ukumbusho Cape Town wenye majina ya zaidi ya watu 1,700 wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi katika vita hivyo. Kama imewezekana huko, na kwetu iwezekane, tena sisi hatuhitaji kutegemea makaratasi ya mkoloni peke yake. Majina yamo vijijini. Watoto wamerithishwa, na makaburi ya yago yanajulikana na wenye boma. Lakini wanaoweza kueleza jina fulani lilitoka kwa nani ni wazee wa miaka themanini na zaidi, na kila mwezi tunawazika.

Kwa hivyo naziomba serikali za kaunti, kuanzia Migori na Kisii hadi Busia na Bungoma, zifungue daftari katika kila ofisi ya chifu. Katika baraza, wazee wa vijiji waulize: ni nani katika ukoo wenu alichukuliwa, kutoka boma gani, alirudi au hakurudi? Ukurasa mmoja unatosha kwa kila mtu. Tume hiyo nayo ikubali ushahidi wa familia, isisubiri karatasi ambazo wakubwa wa wakati ule hawakujali kuzijaza. Wanafunzi wa historia tuko wengi eneo hili na likizo ndefu inakaribia. Tupewe daftari hizo, tutaandika.

Mwanafunzi wa historia,
Kisumu