Mlango wa Washington ni wa kampuni tu?

Mhariri,

Mwaka 2018 serikali ilifuta leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, huku kwetu Nachingwea. Indiana Resources, kampuni ya Australia, na wenzake wakapeleka kesi ICSID, chombo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kule Washington, na mwaka 2023 wakashinda. Mwaka uliofuata tukakubali kuwalipa dola milioni 90. Mkataba wa kimataifa wa kulinda wawekezaji tuliuvunja, sawa, walipwe.

Ila mjomba wangu anadai fidia ya mikorosho 14 iliyong'olewa kupisha barabara, na kila akienda anaambiwa jalada halionekani. Yeye hana mkataba wa kimataifa; ana karatasi ya tathmini, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akashtaki wapi?

Msomaji wako,
Nachingwea, Lindi