Mhariri, Thailand sio picha za bichi tu, waambieni wasomaji na masharti yake

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila mkiandika habari za utalii wa Thailand mnaweka picha ile ile, maji ya kijani, majabali marefu, boti ya mbao imefungwa vitambaa vya rangi mbele, na chini yake bei za hoteli basi. Picha ni nzuri sikatai. Ila msomaji akifika kule akakuta pamefungwa, au akarudishwa mlangoni mwa hekalu kwa sababu ya kaptula, anaingia mitandaoni kulalamika kwamba Wathai wana masharti mengi, na wengine wanamuunga mkono bila hata kujua yalitoka wapi. Mimi nasema hayo masharti ndiyo yamefanya mpaka leo kuna kitu cha kwenda kutazama, na gazeti likiyaruka linampa msomaji nusu ya habari.

Tuchukue Maya Bay, ile ghuba ya kisiwa cha Phi Phi Leh kule mkoa wa Krabi, ambayo nadhani ndo bichi iliyopigwa picha kuliko zote kule. Kabla ya 2018 walikuwa wanaingia watu maelfu kwa siku moja, maboti yanapanga mstari mpaka mchangani, nanga zinashushwa juu ya matumbawe, watu wanakanyaga, mafuta ya injini yanaelea, na matumbawe mengi sana yakafa. Juni 2018 wakaifunga, mwanzo walisema miezi minne tu lakini hali ilikuwa mbaya wakaongeza, wakaongeza tena, ikafunguliwa Januari 2022. Wenye maboti na hoteli walipiga kelele sana na mtu unaelewa maana ni riziki yao, ila serikali haikulegeza. Watu wa hifadhi wakawa wanapandikiza matumbawe upya, na papa wadogo wale wenye ncha nyeusi kwenye mapezi, ambao kwa kawaida hawana shida na mtu, wakaanza kurudi kwenye maji ya kina kifupi. Yaani bahari ilipoachwa ipumzike ikajirudisha yenyewe kwa kiasi kikubwa!

Sasa hivi ukienda boti haiingii mbele ya ghuba kabisa, inakushusha upande wa nyuma panaitwa Loh Samah, unatembea kwenye njia ya mbao mpaka unatokea mchangani, mnaingia kwa zamu kwa idadi maalum, na kuogelea hakuna. Halafu kila mwaka Agosti na Septemba panafungwa. Nimeona watu wanasema wamelipa kiingilio cha baht 400, baht ndo pesa ya kule, halafu wanaambiwa wasiogelee, wanaona wameibiwa. Jamani, kuogelea kuna bichi mamia kusini yote ya Thailand, hapo unalipia kuona mahali palipokaribia kupotea.

Visiwa vya Similan navyo vinafungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba, na kulala huko hakuruhusiwi siku hizi, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hapa ndo kalenda inapokuwa muhimu kuliko bei ya hoteli na ndo kitu ambacho hamkiandiki. Thailand ina bahari mbili na mvua zake hazinyeshi pamoja. Upande wa magharibi, bahari ya Andaman, yaani Phuket, Krabi, Phi Phi, Similan, mvua na mawimbi ni kama Mei mpaka Oktoba. Upande wa mashariki, Ghuba ya Thailand, kule visiwa vya Samui, Phangan na Tao, mvua kubwa inakuja Oktoba mpaka Desemba. Kwahiyo mtu wa Agosti akienda Samui anakula raha zake, akienda Phuket anaweza kukuta bendera nyekundu bichi nzima, na bendera nyekundu maana yake usiingie majini, watu wanakufa kwa kuipuuza.

Na losheni ya jua, hili wengi hawalijui. Tangu 2021 ni marufuku kuingia kwenye hifadhi za taifa za baharini na losheni zenye kemikali nne zinazoua matumbawe, zikiwemo oksibenzoni na oktinoksati, na faini inaweza kufika baht 100,000. Msomaji asome nyuma ya chupa kabla ya kufunga begi.

Nikija kwenye mahekalu ndo naumia zaidi, kwasababu kwenye makala zenu yanapewa mistari miwili mwishoni wakati ndo roho ya nchi. Wat Pho ya Bangkok, wat maana yake hekalu, ina sanamu ya Budha aliyelala urefu wa mita 46, nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi alama 108, na hapo hapo ndo masaji ya Kithai inafundishwa mpaka leo. Jirani yake kuna Wat Phra Kaew ndani ya eneo la jumba la kifalme lililoanza kujengwa 1782, kuna sanamu ndogo ya Budha ya jiwe la kijani ambayo mfalme mwenyewe anaibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kiangazi, mvua na baridi. Mule ndani hupigi picha. Mabega na magoti yafunikwe, viatu nje, ukikaa usielekeze miguu kwa Budha, na mwanamke hamgusi mtawa hata kwa bahati mbaya. Watu wanasali mle kila siku, sio makumbusho.

Halafu Ayutthaya, kama kilomita 80 kaskazini ya Bangkok, treni inafika kwa bei ndogo sana. Ulikuwa mji mkuu zaidi ya miaka 400, umezungukwa na mito, Wareno, Waholanzi na Wajapani walikuwa na mitaa yao ya biashara pale, mpaka jeshi la Burma lilipouteketeza 1767. Unatembea katikati ya sanamu nyingi zimekatwa vichwa. Pale Wat Mahathat kuna kichwa kimoja cha Budha kimeshikwa na mizizi ya mti, uso umetulia kabisa, na ukitaka kupiga nacho picha lazima uchuchumae ili kichwa chako kisipite juu ya chake. Mlinzi atakwambia, na kuna watu wanabishana nae! Sielewi mtu anabishana nini.

Wanaobishana naomba wasome habari za Phanom Rung, hekalu la Wakhmer, watu wa himaya ya kale ya Kambodia, juu ya volkano iliyozimika mkoa wa Buriram, ambako kuna siku chache kwa mwaka jua linapita moja kwa moja kwenye milango 15. Jiwe la nakshi la juu ya mlango lenye mungu Narai, yaani Vishnu wa Wahindu, amelala liliibiwa, likaja kuonekana Marekani kwenye jumba la sanaa la Chicago, Wathai wakadai na kuandamana mpaka likarudishwa 1988, na leo liko pale pale mlangoni. Watu waliopigania jiwe moja hivyo, wakikwambia usipande kwenye ukuta usipande. Na wakikwambia sanamu ya Budha haitoki nchini bila kibali cha idara yao ya sanaa, hawatanii.

Ombi langu, mhariri, ni dogo. Makala ijayo ya Thailand wekeni kijisanduku pembeni, miezi ya kufungwa visiwa, mvua za bahari zote mbili, mavazi ya hekaluni, losheni. Na mtajeni pia kijiji cha Ko Panyi kwenye ghuba ya Phang Nga, kijiji cha Waislamu wavuvi, nyumba zote zimesimama juu ya nguzo majini, kuna msikiti na chakula cha halali. Wasomaji wenu wengi wangependa kukijua na sijawahi kukiona kwenye kurasa zenu hata mara moja.

Msomaji wenu wa siku nyingi