Mtoto mwenye kipaji apimwe lini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie wazazi wa watoto wanaoelewa mambo upesi kuliko wenzao. Msikimbilie kumpima mtoto uwezo wa akili (IQ) kabla hamjajua matokeo mtayafanyia nini.

Kama kuna uamuzi unaosubiri, mathalani kumrusha darasa, au kujua kwa nini mtoto anayezungumza kama mtu mzima hawezi kuandika sentensi mbili, kipimo kina kazi. Kama hakuna, subirini. Alama za mtoto wa miaka 3 au 4 hazijatulia. Leo kagoma kuongea na mgeni, kesho kakosa maswali mawili matatu, basi zimeporomoka. Kuanzia miaka 6 hadi 8 hivi ndipo zinapoanza kushika. Hata hapo si za kuapia: wastani ni 100, na 130, mpaka unaotumika mara nyingi kumhesabu mtoto kuwa na kipaji, hufikiwa na takriban watoto 2 katika kila 100, lakini aliyepata 127 leo angeweza kupata 131 siku nyingine. Kumfungia mtoto mlango kwa alama 3 ni kumwonea.

Kipimo chenyewe nacho kichaguliwe. WPPSI-IV, kipimo cha akili cha watoto wadogo, kinaishia miaka 7 na miezi 7; WISC-V, cha watoto wakubwa zaidi, kinaanzia miaka 6. Mwenye miaka 6 na nusu anaweza kufanya chochote kati ya hivyo. Kwa mwenye kipaji, mwombeni mwanasaikolojia atumie cha pili, maana cha kwanza huenda kikamwishia maswali magumu kabla hajafika ukomo wake. Apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi, na macho na masikio yakaguliwe kwanza.

Kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi. Sehemu nyingi za kipimo huzidi kuwa ngumu mpaka mtoto akosee maswali kadhaa mfululizo. Aliyezoea kupata yote darasani akifika hapo hunyamaza, au huangua kilio, na kazi iliyobaki inaharibika. Mwambieni mapema kwamba atajibu maswali na kufumbua mafumbo, mengine ya watoto wakubwa, na hakuna anayetarajia ayajue yote. Msimwambie anakwenda "kupimwa akili". Maneno hayo amewahi kuyasikia yakisemwa kwa wagonjwa. Wala msimfanyishe mazoezi. Alama zitapanda, ila hazitakuwa zinamsema yeye.

Ripoti ikitoka, msitazame jumla peke yake. Katika zoezi la kupanga vipande vyekundu na vyeupe vifanane na picha, mpimaji anashika saa. Mtoto makini, anayekigeuza kila kipande mpaka kingo zikae sawasawa, anapanga bila kosa lolote na bado anapoteza alama. Uelewa wake wa maneno unaweza kuwa juu kabisa, jumla ikaonyesha mtoto wa kawaida. Daini alama za kila sehemu kwa maandishi, na sehemu zikipishana sana mwulizeni mpimaji kama hiyo jumla bado ina maana.

Tena, kipimo hichohicho kisirudiwe kabla ya mwaka kupita, kwa sababu mtoto atakuwa anayakumbuka maswali. Kwa hiyo akiamka na mafua siku hiyo, au hakulala vizuri, pigeni simu muahirishe.

Mwanasaikolojia wa watoto