Tutazame migongo ya watoto mapema

Mhariri,

Binti yangu alipofika darasa la saba, bega la kulia lilipanda na shati la shule likawa linakaa upande. Kila siku nilimwambia, "Simama wima, mwanangu." Masikini, alikuwa amesimama wima! Zahanati tuliyoiendea ilitupa dawa za maumivu, majirani wakashauri tumchue kwa mafuta, na mwaka mzima ukapotea.

Baadaye nilielezwa kwamba uti wa mgongo ukipinda kupita nyuzi 45 au 50, madaktari wengi hufikiria upasuaji. Skrubu hukazwa kwenye pingili, fito mbili za chuma huunyoosha mgongo, kisha vipande vya mfupa hupandikizwa ili pingili ziungane. Fito hushikilia tu. Mfupa ulioungana ndio unaobeba kazi maisha yote. Jambo hili si geni. Dakta Paul Harrington wa Houston, Marekani, alibuni fito zake miaka ya 1950, akihangaikia watoto waliopindishwa na polio.

Nawaomba walimu na wazazi: mwinamisheni mtoto wa miaka 10 hadi 14, mikono ining'inie, mumtazame kwa nyuma. Mbavu za upande mmoja zikiinuka, mpelekeni kwa daktari wa mifupa kabla hajamaliza kukua. Wakati huo jaketi ngumu ya plastiki huweza kuzuia mgongo usizidi kupinda.

Wangu alichelewa, akawekewa fito. Siku ya nne alitembea wodini, nami nikalia.

Mama Mzazi,
Morogoro