Yah: Malalamiko kuhusu siti za ngozi mlizoziharibu na maneno niliyoambiwa kaunta

Moshi,
24 Februari 2025.

Meneja,
Kituo cha Kuosha na Kutunza Magari,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda vizuri. Mimi moyoni si mzima sana, ila nimelelewa kuanza na salamu.  

Gari nililileta kwenu Jumamosi tarehe 8 Februari mnisafishie siti za ngozi, lakini naomba nianze na Jumamosi iliyofuata, tarehe 15, kwa sababu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Saa nne asubuhi nilifika kaunta nikamsalimu kijana wenu. Hakuitikia, alikuwa na simu. Nikasubiri amalize. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba utoke uone siti zangu." Akatoka, mkono mmoja mfukoni. Akafungua mlango wa dereva, akakwangua ganda moja la rangi kwa ukucha, pale pembeni mtu anaposugua paja akipanda, akalipuliza kama mtu anayepuliza maganda ya karanga za kukaanga. Halafu akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema kwa sauti iliyofika hadi gari la mwisho kwenye foleni: "Mama, hizi siti hazijaharibika. Zimezeeka tu, kama mwenye nazo."

Vijana wa ndoo wakacheka. Mmoja aliweka sponji chini ili acheke vizuri.

Ndugu Meneja, nimefundisha kemia sekondari kwa miaka 31. Najua wanafunzi walinipa majina, na mengine nilikuwa nayajua. Lakini waliyasema nyuma ya mgongo wangu, na hiyo nayo ni adabu ya aina yake.

Sasa tuje kwenye siti zenyewe, kwa kuwa kijana wenu alisema ni uzee, na mimi nasema ni sabuni.

Gari ni Harrier, ile ambayo vijana wameipa jina la utani nisiloweza kuliandika kwenye barua rasmi. Siti zake ni ngozi halisi iliyopakwa rangi na kufunikwa juu na utando mwembamba wa kuikinga, kama zilivyo siti nyingi za ngozi za magari ya siku hizi. Mwezi Desemba nilidondosha tone la maji kwenye mgongo wa siti ya dereva. Likakaa juu, duara, likitetemeka kama tone la mvua kwenye jani la gimbi. Maana yake utando ulikuwa mzima. Jumanne tarehe 11 Februari, siku tatu baada ya huduma yenu maalumu, nilidondosha tone jingine palepale. Likazama. Pakabaki doa la maji kama nimedondoshea udongo. Siti haizeeki kwa mwendo huo, hata ingekuwa na umri wangu.

Nilichokiona kwa macho yangu tarehe 8 ni ndoo ya sabuni ya unga, ileile ya kufulia, povu limejaa hadi mdomoni. Niliona pia brashi ya nyuzi ngumu ambayo dakika chache kabla ilikuwa inasugua matairi ya pikapu. Nikamuuliza kijana wa ndoo, "Hiyo ndiyo ya ngozi?" Akanijibu, "Mama tulia, hapa ni wataalamu." Hapo nina kosa langu na nalikubali: nilitulia. Nikaenda zangu Mbuyuni kununua ndizi na dagaa. Mwalimu aliyewahi kumfukuza mtu maabara kwa kushika chupa bila kusoma lebo, siku hiyo nikaacha ndoo bila lebo iende kwenye siti zangu.

Niwaeleze mlichokifanya, kwani kwenye tangazo lenu mmeandika neno "kitaalamu". Ngozi ikishatengenezwa kiwandani hubaki na asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) karibu 4 au 5. Sabuni ya unga ikiyeyuka ni alkali, pH yake hufika 10. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Kutoka 5 hadi 10 ni mara 100,000. Hilo nililifundisha kidato cha tatu, na wapo waliolielewa. Alkali hiyo, ikisaidiwa na brashi ya matairi, inakwangua utando. Utando ukishatoboka, maji ya sabuni yanaingia ndani, yanasumbua mafuta ambayo kiwanda kiliyapitisha katikati ya nyuzi za ngozi ili zipate kuteleza. Mafuta yakipungua na maji yakikauka ghafla, nyuzi zinashikana, siti inakakamaa, kisha inapasuka kwenye mikunjo.

Na kweli ilikauka ghafla. Mliegesha gari juani, milango minne wazi, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Mwezi wa pili. Moshi. Siti nyeusi. Hata mahindi hatuyaaniki hivyo bila mtu wa kuyageuza.

Kazi yenyewe wala haikuhitaji miujiza. Unaanza na mashine ya kufyonza vumbi, hasa kwenye mishono, maana vumbi letu hili ni msasa, ukilisugua na maji unakwangua ngozi. Halafu dawa ya ngozi kidogo, unaitia kwenye sponji na siyo kwenye siti. Brashi laini kama ya kung'arishia viatu. Unafanya kipande kimoja, unafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, ndipo unakwenda kingine. Inakauka kivulini. Mwisho unapaka losheni ya ngozi, unaiacha itulie, unafuta inayobaki. Na kabla ya yote unajaribu dawa yako mahali pasipoonekana, chini ya siti, nyuma. Siyo katikati ya makalio ya mteja. Samahani kwa neno hilo.

Badala ya losheni mlipaka mafuta ya kung'arishia matairi. Msikatae. Nilivyorudi kutoka Mbuyuni siti ziling'aa kama zimelowa, na harufu ilikuwa ni ya duka la vipuri. Jumapili tarehe 9 nilikwenda usharikani na gauni langu la kitenge. Tuliposimama kuimba, mama wa benchi la nyuma akaniinamia sikioni, "Mwalimu, umekalia nini?" Doa lilikuwa la ukubwa wa sahani. Limefuliwa mara tatu, bado lipo.

Jumatatu tarehe 10 taa nyekundu ya mifuko ya hewa ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika. Fundi aliinama chini ya siti ya dereva akakuta soketi ya waya za manjano ina maji. Maji, siku mbili baadaye! Siti zangu zina vitundu vidogo vidogo katikati, na ninyi mlizimwagia kama mnaosha zulia. Fundi alikausha, akaunganisha mashine yake, akafuta hitilafu, nikamlipa Sh 40,000. Mfuko wa hewa ni kitu cha kumwokoa mtu. Taa ile ikiwaka, hujui kama siku ya ajali utafunguka au hautafunguka. Hili nalo kijana wenu alisema ni uzee? Hakusema, kwa sababu hakunipa nafasi ya kulifikisha.

Narudi kwenye siku ile ya tarehe 15. Nisamehe, najua nimeshaieleza, lakini nilipoieleza niliruka jambo moja kwa aibu, na bila hilo hutaelewa.

Sikuwa peke yangu. Gari liliendeshwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Wamefunga ndoa mwaka jana. Alikuja kutoka Arusha kwa ajili hiyo tu, kwa sababu nilikuwa naogopa kuendesha huku nikikumbuka ile taa, ingawa ilishazimwa. Alikuwa bado amekaa kwenye siti ileile ya dereva, mkanda ameufungua, wakati kijana wenu alipofungua mlango. Yaani kijana aliinama juu ya magoti ya mkwe wangu, akakwangua ngozi pembeni ya paja la mkwe wangu, akalipuliza lile ganda likamwangukia mkwe wangu kwenye suruali. Ndipo akasema. "Zimezeeka tu, kama mwenye nazo." Mkwe wangu aligeuza uso akatazama upande wa pili, kwenye ukuta ambao hauna kitu chochote cha kutazama. Alifanya hivyo ili kunistahi, nisijue kwamba amesikia. Na mimi nikajifanya sijui kwamba amesikia. Tumekwenda hadi nyumbani bila neno, na chakula nilichompikia alikila akiwa ameinamisha kichwa.

Wewe ni mtu wa huku, Ndugu Meneja. Unajua mtu na mkwewe wanavyoishi. Mimi mbele yake hata kukohoa nakohoa kwa mpango.

Na kijana hakuishia hapo. Nilipomwambia nataka kuonana na meneja, akasema meneja haonani na watu wa siti za mtumba. Hilo nalo nililiruka pale juu. Kila nikiandika nakumbuka jingine. Alisema "siti za mtumba", kisha akaitikia simu.

Alhamisi tarehe 20 nilitafuta kwenye boksi langu la vitu vya shule nikapata karatasi za litmasi. Nikalowesha pamba kwa maji safi, nikaipitisha kwenye mshono wa siti, nikaigusisha karatasi nyekundu. Ikawa ya bluu, yaani kuna alkali. Siku kumi na mbili baadaye sabuni yenu bado iko ndani ya mishono yangu, inaendelea na kazi mliyoilipiwa. Karatasi hiyo nimeibana kwenye barua hii. Nyingine tatu ninazo.

Nilipokaa kuandika, nia yangu ilikuwa kudai mambo mawili tu: mnirudishie Sh 60,000 niliyowalipa kwa "huduma maalumu ya ngozi", na Sh 40,000 ya fundi. Niliona yanatosha. Lakini nimejisomea hapo juu, na sasa naona hayatoshi. Fundi wa siti amekagua akasema za nyuma zinaweza kuokolewa kwa kusafishwa taratibu na kupakwa rangi ya ngozi, ila mbili za mbele zimepasuka kwenye mikunjo na hakuna losheni inayorudisha ngozi iliyopasuka. Alianza kunitajia bei ya ngozi bandia. Nikamwambia gari lilikuja na ngozi, litabaki na ngozi. Mji wenye kiwanda cha ngozi pale Karanga hauwezi kunishonea plastiki. Kwa hiyo nadai siti mbili za mbele zivalishwe upya ngozi halisi kwa gharama yenu, na fundi nitamchagua mimi. Za nyuma zitengenezwe. Kitenge pia.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nawapa saba. Zikipita, nitafanya yafuatayo bila kuwaandikia tena. Malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu huduma, na bango lenu la "wataalamu wa ngozi" nimelipiga picha pamoja na ile ndoo. Pia kuna risiti. Mlinipa karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri. Mimi niliomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kijana akasema mashine ni mbovu. Mashine hiyo ni mbovu tangu lini, na wateja wangapi wameondoka na karatasi za daftari, nadhani watu wa kodi, TRA, wangependa kusikia kutoka kwenu kuliko kutoka kwangu. Mahakama ya Mwanzo nayo ipo, na sitakosa wa kunisaidia kuandika. Miaka 31 ni wanafunzi wengi, hata wale waliofeli kemia walikwenda kusomea sheria.

Lakini hela siyo la kwanza, na hili ndilo nisilolipunguza. Kijana wenu ataomba radhi. Sitaki ya simu wala ya ujumbe wa maandishi, na usije wewe kuniomba kwa niaba yake. Aombe palepale mlangoni mwa gari, kwa sauti ileile, vijana wa ndoo wakiwepo. Sitaki afukuzwe kazi. Ana mama yake pengine, na mama yake hana kosa. Nataka tu afungue mdomo uleule.

Jumamosi tarehe 1 Machi, saa nne asubuhi, gari litakuwa hapo kwenu. Mkwe wangu ataendesha, nimeshamwomba na amekubali. Kijana awepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
mwenye Harrier nyeusi.

Viambatisho: karatasi ya litmasi (1), nakala ya karatasi yenu ya daftari, picha ya bango na ndoo.

Nakala: Mkwe wangu, Arusha.