Malalamiko kuhusu kozi ya upigaji picha kwa wasafiri na madai ya kurejeshewa ada

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nilijiandikisha katika kozi yenu kwa sababu tangazo lilisema kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu kamera atakuwa ameumudu msingi wa upigaji picha kabla ya likizo yake. Fomu ya usajili iliniuliza hata tarehe ya kuondoka, nami niliijaza. Mlijua basi ni lini nitahitaji kile nilicholipia. Safari imekwisha, nimerudi, na ninadai ada yangu yote.

Masomo ya mwanzo ni habari za vifaa tu. Mwalimu anafungua maboksi, analinganisha mabegi na mikanda, halafu anasema lenzi ya mm 18-55 inayouzwa pamoja na kamera haifai, na kiungo cha kununulia nyingine kimewekwa chini ya video. Lenzi hiyo inamtosha kabisa msafiri anayeanza: kwenye 18 anapata mandhari na majengo, kwenye 55 anapata sura ya mtu bila kumvimbisha pua. Nilikuja kujifunza kutumia nilichonacho, nikakuta duka.

Kosa kubwa zaidi limo katika somo la mwanga. Mwalimu anatamka wazi kwamba namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga mwingi unaingia. Ni kinyume chake. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile mm zilizoandikwa kwenye lenzi) kwa kipenyo cha tundu, kwa hiyo lenzi ya mm 50 kwenye f/2 ina tundu la mm 25, na kwenye f/16 linabaki mm 3 na ushei. Anayefuata maelezo yenu ataingia kwenye jumba la makumbusho lenye mwanga hafifu, ambako mara nyingi flashi na stendi haviruhusiwi, aweke f/22 akidhani amefungua dirisha. Kamera italazimika kuacha shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, wazi kwa muda mrefu, na kila picha itatoka imetikisika. Niliwaandikia kuhusu hili mapema. Jibu la mashine lilinishukuru kwa maoni yangu, na hadi leo video iko vilevile.

Yaliyobaki ya msingi mmeyafungia. Kasi ya shata, kurekebisha mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa, na mizani ya rangi nyeupe (kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe) yote yameorodheshwa kwenye tangazo la kozi hii. Lakini ukifika hapo unaambiwa ni hatua ya pili, yenye ada yake. Chukueni kitufe hicho kimoja tu. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu; ndiyo maana mchanga mweupe wa ufukweni au theluji hutoka imefubaa kama majivu. Dawa ni kusogeza kipimo hadi +1 hivi, kisha kutazama tena. Kulifundisha hilo hakuchukui hata dakika tano, na hakuna mtu anayelihitaji kuliko huyo anayekwenda likizo. Hali ni hiyohiyo kwa kanuni ya kushika kamera mkononi: shata isiwe ya polepole kuliko 1 juu ya urefu wa fokasi, yaani kwenye mm 55 uanzie 1/60, na kwa kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) afadhali 1/80 au zaidi. Yote mawili niliyajua nikiwa tayari safarini. Kanuni ya shata nilielekezwa na msafiri mwenzangu, na kitufe nilikisoma katika kijitabu kilichokuja bure ndani ya boksi la kamera.

Mliahidi pia kwamba mwalimu ataangalia picha za kila mwanafunzi na kumpa maoni kabla hajaondoka. Nilituma picha ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha, uso mweusi tii. Niliichagua makusudi, nipate kuambiwa kwa nini uso umepotea na nifanyeje: nimgeuze aelekee dirishani, niwashe flashi, au nipime mwanga usoni pake. Maoni yalinifikia baada ya kurudi, nayo yalisema picha ni nzuri, niendelee hivyohivyo.

Haki yenu niwape: somo la mpangilio wa picha na lile la kuhifadhi nakala mahali pawili kila jioni yametulia, na nimeyatumia.

Ombi langu la kwanza la kurejeshewa ada mlilikataa kwa hoja kwamba nimevuka nusu ya masomo. Nusu hiyo ni mabegi na mikanda. Somo lenye kosa na masomo yaliyofungwa yako baada yake, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuziona kasoro hizi kabla haki yake ya kudai haijakwisha. Sioni sharti hilo linamlinda nani isipokuwa ninyi.

Nataka ada yote irudishwe kwa njia ileile niliyolipia. Nataka pia video ya namba za f irekebishwe na wote waliokwisha kuitazama wajulishwe, maana wengine huenda wanafunga mizigo sasa hivi. Na tangazo liondolewe mada ambazo hamzifundishi kwa ada hiyo.

Naomba jibu kutoka kwa mtu, si mashine, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitaiomba benki yangu irejeshe malipo na nitapeleka malalamiko kwa mamlaka inayolinda watumiaji. Nimeambatanisha stakabadhi, nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku niliyolipa, barua pepe zenu zote na ile picha ya dirishani.

Wenu,
Mwanafunzi wa kozi ya wasafiri
(jina na namba ya usajili vimo kwenye stakabadhi)